Pori Tupu Hakuna

Mazungumzo na Mchungaji wenu



Siku moja ya Mungu, nyuma ya ibada, kijana mmoja wa korali alinifuata mpaka mlangoni. Baba yake alinunua jeep ya zamani, wakaitengeneza pole pole pa nyumba, sasa inatembea vizuri. Kijana akaniuliza: “Pasteur, tunataka kwenda nayo mu pori. Si juu ya kazi, ni juu ya kufurahi tu, kupanda vilima, kupita mu matope. Lakini kila mahali tunafika, banatufukuza. Njo wapi tunaweza kwenda?”

Wazee wawili waliokuwa karibu walicheka. Mmoja akasema: “Furaha gani ya kuchafua motokari? Na mafuta yako beyi!” Mimi sikucheka. Kijana asiyepata jibu kwa mkubwa wake atajitafutia jibu mwenyewe. Na katika eneo letu la machimbo, toka Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, jibu analojitafutia mtu peke yake linaweza kumwua.

Kwa hiyo leo nataka kumjibu yeye pamoja nanyi wote. Ninyi wenye pikipiki, hata wenye kinga tu, musikilize vilevile, sababu neno ni moja.

Furaha yenyewe si zambi

Kwanza niseme wazi: sioni ubaya katika mchezo huu. Mtu anayepandisha jeep kilima chenye mawe anajifunza subira. Akikanyaga mafuta kwa nguvu, magurudumu yanazunguka bure na kuchimba shimo. Akienda pole pole kwa vitesi ya kwanza, gari linapanda kama mbuzi. Anajifunza kutazama mbele, kusikiliza mashini, na kushuka kwenda kuangalia kwa macho mbele ya kupita. Na gari likikwama, rafiki zake wanashuka kusukuma, wanarudi na matope mpaka masikioni, wanacheka juma nzima.

Inchi yetu inajulikana kwa jambo hili. Mwaka 1983, wakati tulipokuwa tunaitwa Zaire, mashindano makubwa ya Land Rover, yaani Camel Trophy, yalifanyika huku kwetu. Watu wa Ulaya walitoka mbali kuja kutafuta njia mbaya, na sisi tunazo karibu na nyumba. (Lile jina ni la sigara. Vijana, igeni safari, muache sigara.)

Swali la kijana wetu ni swali la mahali. Na hapo macho yetu yanatudanganya.

Mahali patatu panapodanganya macho

Pa kwanza ni yale mabonde ya matope ya viwanda. Munayajua: viwanda vinasaga mawe ya shaba, vinayaosha, kisha matope yanayobaki yanatupwa pahali. Miaka inapita, juu panakauka, panakuwa tambarare na peupe kama kiwanja cha mpira. Kijana anasema: “Hapa njo pazuri!” Lakini kile kilichokauka ni ngozi tu. Chini, matope yanaweza kubaki laini miaka mingi. Mtu wa miguu anapita, mbuzi anapita. Jeep ya tani mbili inavunja ile ngozi na kuzama. Na hata pasipozama, vumbi unalolipumua pale limebeba shaba, koboti na madini mengine ambayo mapafu yako hayakuumbwa kwa ajili yake. Ukirudi pa nyumba, mama anafua nguo zako pamoja na za mtoto mchanga.

Pa pili ni machimbo ya zamani. Pale kuna ngazi kubwa za udongo zilizokatwa na mashini. Ukitazama toka mbali, ni kama barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya jeep. Lakini ukingo wa ngazi zile unakatika, hasa nyuma ya mvua, na chini mara nyingi kuna mayi yenye kina kirefu, na kingo zake zimesimama kama ukuta. Tena kandokando kuna mashimo ya ndugu zetu ba-creuseur: shimo jembamba linaloshuka metre nyingi, pengine limefunikwa na matawi au bashi, na chini yake mapango yanakwenda huku na huku. Juu unaona udongo tu. Chini ya gurudumu lako pengine kuna mtu anayechimba, baba wa watoto. Fikiri hilo.

Na niseme jina moja: Shinkolobwe, karibu na Likasi. Pale palitoka uranium iliyotumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Serikali ilipafunga mwaka 2004, na katika mwaka uleule shimo liliporomoka likaua watu. Kijana, hapo si mahali pa mchezo. Usiende kuinua vumbi la Shinkolobwe kwa magurudumu, hata kwa dakika tano, hata rafiki akikuambia kuwa yeye alikwenda na hakuona kitu. Madhara ya uranium hayaonekani siku ileile.

Pa tatu, wengi hawapajui. Ni vile vilima visivyo na miti. Uko katika msitu wa miombo, mara unaona kilima cheupe, majani tu na maua madogo. Unasema: “Kilima hiki kiliachwa wazi kwa ajili yetu.” Sivyo. Miti haipo sababu udongo umejaa shaba, na miti mingi haiwezi kuvumilia. Wazee wetu waliokuwa wanayeyusha mukuba walivijua vilima hivi. Waliona maua, wakachimba, wakapata. Na mimea ingine inayoota pale haioti pahali pengine popote katika dunia. Machimbo yamekula vingi vya vilima hivi. Vinavyobaki, tusivikwarue kwa mchezo wa siku moja.

Siku niliyosema uongo

Sasa nitawaeleza jambo ambalo sikulisema mara nyingi juu ya mimbara.

Miaka mingi imepita. Nilikuwa nimetoka katika shule ya Biblia karibuni, na parokia yetu ilikuwa na Land Cruiser moja iliyochoka. Tulikwenda kutembelea wakristo wa kijiji kimoja, mimi na vijana wanne wa korali. Ilikuwa mwezi wa munane, udongo umekauka, jua kali. Katika kurudi tuliona dembo kubwa kandokando ya njia, lile bonde la majani ambalo mvua ikinyesha linakuwa mayi matupu. Hapakuwa na nyumba, hapakuwa na mtu. Mimi mwenyewe, si vijana, mimi niliyevaa shati ya kazi ya Mungu, nikakata kona nikaingia.

Kweli, tulifurahi! Tulizunguka, tukakata mviringo, vumbi na majani vinaruka, vijana wanaimba huko nyuma. Kisha gari likaanguka upande mmoja, likasimama. Katika dembo, juu panakauka lakini chini udongo mweusi unaweka mayi mpaka karibu mvua ingine ifike. Gurudumu la nyuma lilikuwa limeingia mpaka katikati.

Wakati tunachimba kwa mikono, mama mmoja alifika na jembe begani. Alitazama gari, akatazama nyuma yetu, kule tulikotoka. Na mimi nikatazama. Yale tuliyoyadhani ni majani yalikuwa matuta ya viazi. Tulikuwa tumepita juu yake, tumerudi, tumepita tena.

Hakupiga kelele. Akaniuliza tu: “Papa, mulikosa njia?”

Wapendwa, alinipa mlango wa kutokea. Na mimi nikaingia katika ule mlango. Nikajibu: “Ndiyo, mama. Tulikosa njia.”

Palikuwa kimya. Kisha kijana mdogo kuliko wote, wa miaka kumi na tano, akasema pole pole: “Hapana, mama. Tulikuwa tunacheza.”

Sijasahau aibu ile. Yule mama akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema: “Asante, mwana wangu.” Kisha akaenda kuita wanaume wa kijiji. Wakaja na majembe na matawi, wakatia matawi chini ya magurudumu, wakasukuma, tukatoka. Hawakuomba hata franga moja.

Usiku ule sikulala vizuri. Siku ya Posho tulirudi, mimi na wale vijana wanne, na majembe. Tulimwomba mama rehema, mimi kwanza, juu ya viazi na juu ya uongo. Tukayahesabu matuta: thelathini na moja. Tukayatengeneza yote, na parokia ikajua habari, na mimi nikatoa mfuko wa mahindi katika feza yangu. Kitabu cha Kutoka, sura ya 22, mistari ya 5 na 6, kinasema juu ya mtu aliyeharibu shamba la mwenzake kwa nyama zake, na juu ya moto uliotoka katika miiba ukateketeza mavuno: wote wawili wanapaswa kulipa. Musa hakuijua jeep, lakini sheria ile inaijua.

Na sasa musikilize mwisho wa habari. Tulipomaliza, chef wa kijiji alituita. Akauliza: “Mulikuwa munatafuta mahali pa kucheza na motokari tu?” Tukajibu, kwa haya, ndiyo. Akacheka sana. Akatuongoza kwa miguu mpaka nyuma ya kilima, kwenye shimo kubwa ambapo watu wa barabara walichukua udongo mwekundu zamani: pagumu, pana miteremko, mawe, hapana shamba, hapana kaburi, hapana kisima. Akasema: “Kama mungeuliza, siku ileile tungewaonyesha.”

Mara mbili kila kiangazi, miaka mingi, vijana wa parokia walikwenda pale. Wamama wa kijiji walipika kuku na bukari, tukalipa. Na yule mama wa viazi ndiye aliyekuwa anacheka kwa nguvu kuliko wote gari likikwama.

Udongo ni wa Leta, viazi ni vya mama

Vijana waliosoma wataniambia: “Pasteur, sheria ya mwaka 1973 inasema udongo wote ni mali ya Leta.” Ni kweli, inasema hivyo. Lakini viazi vya yule mama si vya Leta. Makaburi si ya Leta. Uyoga na asali ambavyo wamama na wazee wanafuata msituni, mizinga, makala yanayoiva chini ya udongo, mitego, njia ya mayi: vyote vina mwenyewe. Hata pale unapoona majani tu, pengine ni shamba lililopumzishwa, na mwenyewe anajua mwaka gani atarudi.

Ndiyo sababu nasema pori tupu hakuna. Kuna pori ambalo bado hujamjua mwenyewe. Tena pahali pengine panawekwa na wakubwa watatu: chef wa kijiji, mwenye mashamba, na kompanyi yenye haki ya kuchimba. Idhini ya mmoja si idhini ya wote.

Wapi basi?

Nimekataza sana, sasa nionyeshe.

Mahali pa kwanza ni kama lile shimo la udongo mwekundu. Kandokando ya barabara zetu kubwa yako mengi. Uliza katika kijiji kilicho karibu. Ukiona watu wanachukua udongo au mawe bado, uache.

Pa pili ni njia za zamani: njia za wakata miti, njia za mashamba makubwa, barabara zilizoachwa. Humo gari linabaki katika alama za magari mengine, na furaha inabaki palepale: madaraja ya miti, mawe, vijito. Katika nyanda za juu, kama Biano na Manika karibu na Kolwezi, kuna mchanga mwingi. Mchanga unataka akili: punguza upepo kidogo katika magurudumu, usisimame katikati, na ujaze upepo tena mbele ya kurudi kwenye lami.

Pa tatu ni kufanya safari yenyewe kuwa mchezo. Jeep inaweza kukupeleka pahali ambapo gari ndogo haifiki. Kuna maporomoko ya Kiubo kwenye mto Lufira. Kuna ziwa Tshangalele, lililozaliwa na ukuta wa mayi wa Mwadingusha. Kuna nyanda za Kundelungu, na mayi ya Lofoi yanayoanguka zaidi ya metre 300. Lakini mujue: Upemba ni park toka mwaka 1939, na Kundelungu toka mwaka 1970. Huko unapita kwa ruhusa ya ICCN, unabaki katika njia, hufukuzi nyama. Na kabla ya kwenda mbali, uliza habari za usalama kwa watu waliotoka kule juma lile, si mwaka jana.

Pa ine ni karibu kabisa: kiwanja cha parokia au cha masomo, siku isiyo na watoto. Tia vijiti, tia mawe, jifunze kupita pole pole bila kugusa. Wengi wanadharau hapo, lakini ni hapo dereva anapojulikana.

Mbele ya kuondoka

Jeep ni ya nani? Kama ni ya kazi ya baba, ibaki pa nyumba. Nimeona jamaa moja ikikosa mkate sababu mtoto alichukua motokari ya kazi “kwa saa moja tu”. Na kama mafuta yanatoka katika feza ya masomo ya wadogo, mchezo huo ni wizi.

Musiende na gari moja. Magari mawili, kamba yenye nguvu, mpawo, mbao mbili, mayi ya kunywa, dawa za vidonda. Muachie mtu pa nyumba jina la mahali na saa ya kurudi, sababu simu haishiki kila pahali.

Mukifika kwenye kijito, mtu ashuke kwanza na fimbo apime kina. Mayi yenye nguvu yakipita magoti, murudi. Lakini mto mkubwa musiupime kwa miguu. Mamba naye anapima.

Katika majani marefu, mtu atembee mbele ya gari. Majani yanaficha shimo la muhanga, gogo, na vichuguu vyetu vya Katanga, ambavyo vidogo vyake tu vinatosha kuvunja gari.

Kiangazi, majani makavu yanakusanyika chini ya gari karibu na bomba la moshi, na bomba lina moto. Simameni mara kwa mara, mutazame chini, muyatoe. Muwe na mayi na mchanga karibu. Majira ya mvua, toka mwezi wa kumi na moja mpaka wa ine, muache udongo laini upumzike: alama munayoikata leo, mvua itaifanya mfereji kesho, na mfereji utakula njia ya kijiji.

Musipakie watoto nyuma. Musinywe pombe. Na mukiharibu kitu, musiondoke mbele ya kumwona mwenyewe.

Tuzungumze pa nyumba

Wazazi, mbele ya kusema “hapana” kwa mtoto anayetaka kutembeza jeep au pikipiki, mumwulize anataka kwenda wapi, na mwenyewe wa pale ni nani. Kama hajui, muende pamoja kuuliza. Siku ile ya kuuliza itakuwa safari ya kwanza.

Na ninyi vijana, mufanye hesabu hii usiku wa leo: pahali tulipokwenda mara ya mwisho, ni nani aliyetupa ruhusa? Nani analima karibu? Kuna tuta la mtu ambalo tulipita juu yake, tukasema tulikosa njia?

Yule mtoto wa miaka kumi na tano leo ni baba wa watoto watatu, naye ni dereva wa kazi. Juzi nilimkuta barabarani, amesimamisha gari lake kubwa. Alikuwa ameshuka kumwuliza mzee mmoja wa kijiji kama njia ile ya kando inapitia katika shamba la mtu.

Bwana awalinde katika kutoka na katika kurudi. Tutaonana mwezi ujao.

Mchungaji wenu